Pacha wa Mzee wa Kola

Mara ya kwanza mama kuniita kwa jina la kaka yangu, nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja bila kuvua koti. Nafanya kazi maabara, katika kiwanda cha rangi kule Rusayl, nje ya Maskati, na koti letu ni jeupe, refu, linapita magoti. Kwa kawaida huliacha garini. Siku ile yule mama wa Tanga anayemtunza mama yangu alinipigia simu kwamba bibi hajala tangu asubuhi, nikaendesha mpaka nyumbani kwake Darsait na koti langu, na kitambaa cheupe tunachofungia nywele bado kichwani, nikapanda ngazi mbio. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Aligeuka, akanitazama kitambo, kisha akataja jina ambalo halikutajwa ndani ya nyumba ile kwa karibu miaka arubaini.

Akaniuliza kwa nini nimechelewa.

Nilisimama pale pale. Mama wa Tanga, bakuli la uji mkononi, alitutazama sote wawili asijue kumetokea nini. Nikamwambia mama kuwa ni mimi, nikamtajia jina langu. Akanipa lile tabasamu la adabu analompa mgeni, akageukia dirisha.

Mimi na kaka yangu tulikuwa pacha. Yeye alinitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na kwa robo saa hiyo alidai heshima za kaka mkubwa maisha yake yote, ambayo yalikuwa miaka kumi na moja.

Wazazi wetu walikuja Maskati kutoka Unguja, zama zile watu wetu wenye asili ya Oman walipokuwa wakirudi huko familia kwa familia. Baba alipata kazi bandarini Mutrah. Mama, aliyekuwa amesoma kwa Waingereza, aliajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya wasichana. Katika sanduku lake alikuja na kitabu kimoja kinene chenye michezo yote ya kuigiza na mashairi ya yule mtunzi mkubwa wa Waingereza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake: kipaji kipana kisicho nywele, ndevu chache, na kola ngumu iliyotandazwa shingoni, utadhani kichwa kimepakuliwa kwenye sahani. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Kola. Mama alitukataza, halafu naye akalizoea jina.

Nyumba nyengine watoto walisimuliwa sungura na fisi. Sisi tulisimuliwa Mzee wa Kola. Tulijua kuwa baba yake alikuwa fundi wa glavu za ngozi katika mji mdogo kando ya mto. Tulijua kuwa alioa akiwa na miaka kumi na minane, mwanamke aliyempita umri kwa miaka minane. Kwamba aliiacha familia kwao akenda mji mkuu kuandika michezo. Kwamba siku zile mwanamke haruhusiwi kupanda jukwaani, kwa hivyo malkia wote na wachumba wote waliigizwa na wavulana ambao sauti hazijavunjika. Kaka yangu aliipenda sana habari hiyo. Alikuwa akijitanda mtandio wangu na kutuamrisha kama malkia. Tulijua pia kuwa kaburini kwake kumeandikwa maapizo kwa yeyote atakayeisogeza mifupa yake, na kuwa katika wasia alimwachia mkewe kitanda, tena si kile kizuri. Baba akisema huyo ni mume gani. Mama akisema kile kizuri kilikuwa cha wageni, pengine hicho kibaya ndicho walicholala wao wawili, na baba akitazama chai yake.

Kitu mama alichokipitia haraka ni habari ya watoto. Mzee wa Kola alikuwa na binti mkubwa, halafu akapata pacha, wa kike na wa kiume, kama sisi. Yule wa kiume alikufa mdogo. Mama alitaka kuishia hapo, lakini kaka yangu aling'ang'ania kujua alikufa na miaka mingapi. Alipoambiwa kumi na moja, alihesabu kwa vidole, akasema, "Basi mimi nimebakiwa na miaka miwili." Mama alimpiga mdomoni kwa ncha za vidole, akamlazimisha aseme audhubillahi mara tatu. Alicheka huku akisema. Mimi sikucheka.

Miaka michache baada ya kumzika mwanawe, Mzee wa Kola aliandika mchezo wa kuchekesha wa pacha wawili, wa kike na wa kiume. Chombo chao kinavunjika baharini na kila mmoja anadhani mwenziwe amekufa. Dada anavaa nguo za kiume ili aweze kuishi ugenini, na akizivaa, kaka yake ndiye anayeonekana. Mwishoni kaka anatokea, yu hai. Mama aliupenda mchezo huo kuliko yote. Wako waliosema mtunzi alimwandikia mwanawe. Mama akisema hapana ajuaye, mtu yule hakuacha hata barua moja ya kusema moyo wake ulikuwaje.

Mwaka tuliotimiza miaka kumi na moja, mama aliamua kuuweka mchezo huo katika hafla ya shule. Aliufupisha, akawaondoa walevi, akapunguza mapenzi ili mwalimu mkuu asinune. Shule ikifungwa adhuhuri, kwa hivyo wasichana saba walikuja kufanyia mazoezi nyumbani kwetu, ghorofani, mara mbili kwa wiki baada ya sala ya alasiri. Kaka yangu aliambiwa abaki chini. Mimi nilipewa kazi: nilishika kitabu, na aliyesahau maneno yake nilimnong'oneza. Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha kama kile.

Yule dada wa mchezoni alihitaji dishdasha, ile kanzu nyeupe ndefu ya kiume ya Kiomani. Mama alimpa kazi fundi cherehani mmoja wa Kihindi, duka lake ng'ambo ya wadi. Wadi letu ni bonde la kokoto, kavu karibu mwaka mzima, mbuzi wanalala humo na watoto wanacheza mpira. Ukilikata kwa miguu, unafika kwa fundi na kurudi katika dakika kumi.

Ilikuwa alasiri ya majira ya baridi. Mama aliniambia nikaichukue dishdasha. Sikutaka kukiacha kitabu. Nilishuka, nikamkuta kaka yangu uani, nikamwambia aende yeye na baskeli yetu itakuwa yake wiki nzima. Akasema wiki mbili. Nikakubali. Juu yetu mbingu haikuwa imefunga, matone mawili matatu tu yalikuwa yanaanguka. Wingu lilikuwa mbali, juu ya milima. Nikajificha ngazini kidogo ili mama adhani nimetoka, halafu nikarudi ndani kama niliyekimbia, nikasema fundi bado anaishonea vifungo.

Wasichana walikuwa katikati ya mchezo tuliposikia mngurumo kama wa malori mengi yanamwaga kokoto. Mmoja aliacha sentensi njiani. Mama alikwenda dirishani, akasimama kidogo sana, akatoka mbio, akashuka ngazi bila viatu. Nilikuwa sijapata kumwona mama anakimbia.

Fundi alisema mtoto alifika, akachukua kifurushi. Alimwambia angoje, maji yanaweza kushuka kutoka milimani. Mtoto akamjibu kuwa anasubiriwa.

Walimpata kesho yake asubuhi, chini karibu na bahari. Sitaieleza siku hiyo.

Wakati wa azaa, zile siku za kupokea rambirambi, nyumba imejaa watu, nilimsikia baba nyuma ya mlango akiuliza, kwa sauti ya chini, mtoto alikwenda kutafuta nini huko. Mama akamjibu kuwa yeye ndiye aliyemtuma. Nilijua si kweli. Alikuwa amenituma mimi. Nikadhani msiba umemchanganya, hakumbuki alimtuma nani. Nikangoja akumbuke. Nilingoja siku nzima, halafu wiki, halafu nikaona muda wa kusema umeshapita, na kila siku iliyopita iliufunga mdomo wangu zaidi.

Hafla haikufanywa. Mama alikitia kile kitabu katika sanduku la bati, akalisukuma chini ya kitanda. Shuleni alifundisha sarufi tu mpaka alipostaafu. Jina la kaka yangu lilitoka katika mazungumzo yetu taratibu, hapana aliyelikataza. Jamaa waliokuja kututembelea walinitazama uso, kisha wakatazama pengine. Kila Idi, nikivaa nguo mpya, mama alinipima kwa macho kuanzia miguuni mpaka utosini, nami nilijua hanipimi mimi. Alikuwa anatafuta kaka yangu angekuwa amefika wapi.

Nilisoma kemia. Watu wakiniuliza kwa nini, mtoto wa mwalimu wa fasihi, nilisema ndiyo niliyopata alama. Kweli ni kuwa sikutaka somo lenye watu ndani yake.

Baba alipofariki nilitaka kumhamishia mama kwetu Qurum, kwenye bustani na vyumba vya kutosha. Alikataa. Hakutoa sababu. Alibaki Darsait na dirisha lake, ambalo kutoka hapo unaliona wadi, siku hizi limejengewa kuta za saruji pande zote mbili.

Kusahau kulianza jikoni, kwa sufuria zilizoungua. Halafu akawa anasali adhuhuri mara mbili. Halafu Kiarabu kikamtoka, akabaki na Kiswahili, na siku moja kikarudi kile Kiingereza cha kitabu. Alisema vipande virefu, bila kukosea, kwa sauti ya msichana wa shule. Mama wa Tanga, ambaye Kiingereza hakijui, alidhani ni dua, akawa anaitikia amin.

Ni yeye aliyeniambia jambo lililonikosesha raha. "Mama, bibi anaongea na mtu," alisema. "Si kama wazee wanavyojisemea. Anauliza, halafu anaacha nafasi ajibiwe, halafu anaendelea."

Baada ya siku ile ya koti, nililiacha garini wiki mbili. Mama akazidi kukataa chakula. Kila alasiri aliomba kiti kisogezwe dirishani, akamuuliza mama wa Tanga kama mtoto amerudi. Akiambiwa bado, alifunga mdomo. Daktari alikuwa ameshaniambia nisibishane naye, nimfuate huko aliko. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza shauri la kumpa mtu mwengine.

Halafu alasiri moja nikafunga mlango wa gari, nikafungua tena. Nikavaa koti, nikavuta nywele zote ndani ya kitambaa cheupe. Nilipanda ngazi taratibu. Nikasema, "Assalamu alaykum, mama, nimerudi."

Akaniambia nikae nile. Nikala, naye akala.

Nilifanya hivyo kila siku kwa mwezi mzima. Sikumwambia mume wangu. Mama wa Tanga alijua, akanyamaza, lakini niligundua kuwa nikiwa na lile koti hanitazami usoni, na akinipita anasoma kitu mdomoni. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilianza kujiogopa. Siku ya tatu nilijikuta nimekaa na mguu mmoja nimeukalia, kama alivyokuwa akikaa kaka yangu, na sikuwa nimekusudia. Mama alicheka, akanipiga gotini, akasema nitauvunja. Nilikwaruza ukoko chini ya sufuria na kuula kwa mkono, na mimi ukoko siupendi. Nikishuka ngazi jioni, niliusikia mwendo wangu, mzito kwenye kisigino, na kwa hatua nne tano za mwanzo haukuwa wangu. Nyumbani nilikoga kwanza ndipo nikazungumza na mtu.

Siku moja mvua ikanyesha. Si kubwa, lakini Maskati mvua yoyote ni habari. Nilipofika, mama alikuwa amesimama dirishani, mkono kwenye kioo. Alinishika mkono wa koti, akaupapasa.

"Umerowa," akasema.

Nikamwambia sikurowa, nimeegesha karibu na mlango. Akaendelea kupapasa, kama asiyeamini. Akakaa, akanivuta nikae mbele yake chini.

"Nna neno," akasema. "Nnalo siku nyingi. Nikitaka kulisema, huwa umeshaondoka."

Nikamwambia aseme.

"Mimi sikukutuma wewe. Nilimtuma dadaako. Nilikuja hapa dirishani nitazame mawingu, nikakuona wewe unavuka. Nikajua mmebadilishana. Ningefungua dirisha nikakwita ungerudi, hukuwa mbali. Nikasema mvua ishaanza, bora aende wa kiume, huyu akirowa hana neno. Nikarudi kwa wale wasichana."

Alisema hayo yote bila kulia, polepole, kama mtu anayesoma hati aliyoiandika zamani. Mimi sikuweza kuinua kichwa. Miaka yote ile niliamini kuwa siri ni yangu peke yangu, kumbe tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja kaishika nusu yake na kumficha mwenziwe. Alimwambia baba kuwa yeye ndiye aliyetuma kwa sababu alijihesabu yeye ndiye mwenye kosa.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Nimekusamehe, mama."

Akashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Na dadaako?"

Nikaukunja mkono wa koti.

"Msamehe na yeye," akasema. "Alikuwa mtoto. Kila siku nataka kumwambia kuwa nnajua, apumue. Naogopa. Nikimwambia, atajua na mimi nilikuona." Akanishika kidevu akanitazama. "Umemsamehe?"

Aliacha nafasi nijibu, na niliielewa hofu ya mama wa Tanga, maana nafasi ile haikuwa tupu. Nilisikia mvua kwenye kiyoyozi nje. Nilisikia gari likipita. Kuutoa msamaha wangu mwenyewe kwa kinywa cha maiti kulinishinda, na kukaa kimya mbele ya macho yale kulinishinda zaidi.

"Nimemsamehe," nikasema. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya neno lile, wala nani alilisema.

Akanipapasa kichwa. Ndipo nikakivua kitambaa, nywele zikaanguka, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aende." Nilitaka anisikie mimi, mara moja tu. Alinitazama kwa upole, tabasamu lile la wageni likarudi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekuja kumtazama nani?"

Tangu siku hiyo hakumuulizia tena kaka yangu. Nilipanda na koti, nilipanda bila koti, ikawa sawa kwake. Alikula alichopewa. Hakuzungumza tena na mtu asiyeonekana, na Kiingereza cha kitabu nacho kikakoma. Mama wa Tanga alisema bibi ametua mzigo. Mimi niliona zaidi kama mtu aliyeshafunga mizigo yake. Alifariki wiki moja kabla ya Ramadhani, alasiri, usingizini, na tukamzika siku ile ile.

Azaa ilipomalizika nilimweleza mume wangu yote. Tumeoana miaka ishirini na sita. Alikuwa akijua nilikuwa na kaka aliyechukuliwa na wadi. Hakujua kama tulikuwa pacha. Aliniuliza kwa nini sikumwambia hata hilo. Usiku wa kuamkia Ijumaa akamsomea Yasini, akalitaja jina lake kwa sauti, na lilinishtua kama mtu amegonga mlango.

Nilikitoa kile kitabu sandukuni. Nilitaka kuusoma mchezo ule mpaka pale kaka anapotokea mzima. Nimejaribu mara tatu. Nafika dada anapozivaa nguo za kiume, nakifunga. Huwa najiuliza yule baba wa Kiingereza, akiwa mji mkuu na kalamu yake, aliwezaje kuendelea mpaka mwisho. Kama ilimponya, au kama kila jioni mchezo ulipochezwa alikaa pembeni akamtazama mtoto wa watu akitoka baharini, kisha akarudi chumbani kwake na hali ile ile. Mama angesema hapana ajuaye.

Wiki iliyopita mwanangu wa kiume alipiga simu kutoka anakosoma. Baba yake alikuwa ameshamgusia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu mjomba wake alikuwa mtu wa namna gani, nami nikazungumza bila kupumzika, saa nzima na zaidi. Nikamwambia alitembea kwa visigino. Alilala na taa. Aliogopa jogoo, hakuogopa nyoka. Alipiga mluzi akivuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Alikuwa na kovu dogo nyusini ambalo mimi ndiye niliyemtia, kwa kijiko. Mwanangu alicheka, na mimi nikacheka.

Halafu akaniuliza sauti yake ilikuwaje.

Nikamwambia angoje kidogo. Nilifumba macho nikaitafuta. Niliyapata maneno yake, wiki mbili, nimebakiwa na miaka miwili, lakini yalikuja kwa sauti yangu mimi, sauti niliyomtolea mama mwezi mzima ghorofani. Ya kwake haikuja. Mwanangu alingoja, kisha akaniuliza kama bado nipo.